Mkulima, uliza mashine ilipimwaje kabla ya kulipa

Siku hizi fundi akikuuzia mashine ya kupukuchua mahindi anaweza kukuonyesha picha ya kompyuta yenye rangi: pekundu ndipo chuma kinapoelemewa, pa bluu pako salama. Picha inavutia, na kikundi hutoa malipo ya awali papo hapo. Kwa maoni yangu, tunaharakisha.

Ikumbukwe kuwa programu haipimi fremu nzima kwa mkupuo. Huigawa katika vipande vidogo vingi vilivyoungana kama matundu ya wavu, kisha hukokotoa mzigo unaobebwa na kila kipande. Tatizo huanza pale mchoro uliochorwa kwa programu moja unapohamishiwa katika programu nyingine ili upimwe. Njiani huingia kasoro: nyuso zisizokutana sawasawa, nyufa ambazo jicho halizioni, vipande vyembamba kama ukucha. Wavu ukitandazwa juu ya kasoro hizo, ama programu hugoma, ama hutoa jibu la uongo lenye rangi nzuri zile zile. Hili la pili ndilo baya zaidi.

Hasara ya wavu mbovu inajulikana. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama karibu na Stavanger, Norway, kikiwa bado kinajaribiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa, pamoja na upungufu katika nondo, wavu wa kompyuta haukufaa katika sehemu muhimu, hivyo nguvu za kukata ukuta zilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700 za Marekani. Ikiwa wataalamu wenye fedha kiasi hicho waliteleza, sembuse karakana ya mtaani?

Kwa mkulima, fremu ikipasuka katikati ya mavuno, mahindi hubaki uani yakinyeshewa, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Hata hivyo, lawama zisiende kwa fundi peke yake. Kusafisha mchoro kunaweza kuchukua saa nyingi kuliko hesabu yenyewe. Mteja anayebana bei hadi senti ya mwisho ndiye anayemfanya fundi airuke hatua hiyo. Afadhali kuongeza kidogo sasa kuliko kununua fremu mara mbili.

Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Je, mchoro ulisafishwa kabla ya kupimwa? Je, kipimo kilirudiwa kwa matundu madogo zaidi, na jibu likabaki karibu lile lile? Likibadilika sana, usiliamini. Je, mashine yenyewe imefanya kazi siku nzima kwa mahindi halisi? Kikundi kizuie sehemu ya malipo mpaka jaribio hilo la mwisho lipite.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwenye mchoro nao ni ufa, na atakayejenga ukuta ni mkulima.