Mkubwa Asiyetaniwa

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo wanachama wengi wataliona dogo, nalo ni kicheko kazini. Najua kurasa hizi zimezoea mambo ya mishahara, likizo na kupanda daraja, nami sina nia ya kuyapokonya nafasi yake. Lakini mtu hukaa ofisini saa nane kila siku, na jinsi anavyocheka au asivyocheka katika saa hizo ni sehemu ya kazi yake, wala si pambo.

Ziko rai mbili zinazotembea katika maofisi yetu hapa Babati, nami nazipinga zote mbili. Ya kwanza ni ya wale wasemao ya kuwa mkubwa akicheka na watu wake heshima yake hushuka, na kwa hiyo yampasa kukunja uso tangu asubuhi hata saa ya kufunga. Sisi twawajua viboko wa ziwa letu: mchana kutwa wamezama, yaonekana macho na masikio tu, na wavuvi hupita mbali. Mkubwa wa namna hii huwa vivyo hivyo. Watu hupita mbali naye, na habari pia hupita mbali naye, hata siku ya ukaguzi atakapoulizwa jambo ambalo tarishi wake amelijua kwa miezi sita.

Huyo simwogopi sana, maana ubaya wake waonekana. Aliyenishikisha kalamu ni yule wa pili, mkubwa mcheshi. Huyu hutania watu kutwa, nao hucheka, naye huenda nyumbani akidhani ya kuwa ofisi yake ina furaha.

Miaka kadha iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nalifanya kazi pamoja na kijana wa masjala aliyekuwa na kigugumizi kidogo. Mkubwa wetu alimpa jina la Redio Mbovu. Kila kijana yule aliposimama kusema katika mkutano wa Jumatatu, mkubwa alishika hewani kama mtu azungushaye kitasa cha redio akitafuta sauti, na sisi sote tukacheka. Mimi pia nalicheka, tena kwa nguvu, maana nalikuwa nikitazamia barua ya kupandishwa cheo. Basi ikatokea ya kuwa majalada mawili ya watu wenye jina moja yalichanganywa, na karatasi za mzee mmoja aliyekuwa akistaafu zikawekwa katika jalada la mtu mwingine. Kijana aliliona kosa hilo juma lile lile. Hakulisema. Kulisema kulimpasa kusimama mkutanoni, na kusimama kulimpasa kuchekwa. Mzee yule alikuja kwetu mara nyingi kuuliza mafao yake, akirudishwa kwa maneno mazuri, miezi mitano mizima. Kosa lilipojulikana, mkubwa alimwuliza kijana kwa nini alinyamaza, naye akatazama chini. Hakuna mmoja wetu aliyejibu kwa niaba yake.

Nasema basi: kile hakikuwa kicheko cha ofisi. Kilikuwa kodi, nasi tuliilipa kila Jumatatu.

Watu wa nchi hii hawakungoja kufundishwa utani na mtu. Wanyamwezi walipokuwa wakichukua mizigo ya misafara kwenda pwani katika karne ya kumi na tisa, walipita katika nchi za watu wasiokuwa jamaa zao, na kati yao na Wazaramo ukakaa utani ambao wajukuu wao waujua hata leo. Mtani aliweza kumkejeli mwenziwe, kumnyang'anya kitu chake, hata kufanya mzaha matangani, wala asihesabiwe kuwa ametenda kosa. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyetazamiwa kusaidia mazishini. Haki ya kucheka ililipiwa kwa wajibu.

Ajabu ni kwamba mmoja wa walioliandika jambo hili mapema alikuwa mtaalamu wa ndege. Ni Bwana R. E. Moreau wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliyetoa makala juu ya utani katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941. Mwaka uliotangulia, 1940, Mwingereza mwingine, A. R. Radcliffe-Brown, alikuwa amekwisha kuandika ya kuwa utani uko wa aina mbili: ule ambao kila mmoja humtania mwenziwe, na ule ambao mmoja hutania na mwingine hupokea kwa uso mwema bila kurudisha, au akirudisha ni kidogo tu. Nalipoyasoma hayo niliona mara moja ofisi zetu ziko upande gani. Lakini ule wa jadi wa upande mmoja ulikuwa na mipaka iliyojulikana na watu wote, na jamaa walikuwapo kuilinda. Utani wa mkubwa wa ofisi hauna anayeulinda mpaka wake, maana anayeandika ripoti ya mwaka ya kila mmoja wetu ndiye huyo huyo mtaniaji.

Wala mtu asiniambie ya kuwa tofauti ya vyeo yazuia kurudishiana. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na mjukuu humjibu ya kuwa yeye hamtaki mume asiye na meno, nao wote wawili hucheka. Je, babu amepoteza ubabu wake? Kesho akimtuma maji, mjukuu hukimbia. Heshima iliyo na mizizi haing'oki kwa neno la mchezo, na ile ing'okayo, nadhani, haikuwa na mizizi.

Tena sisi wa Babati yatupasa hadhari kuliko wengine. Hapa wako Wagorowa na Wairaqw, wako Warangi na Wambugwe, wako Wadatoga, na tangu Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002 na mji wetu ukawa makao yake, watumishi wamekuja kutoka pande zote. Mchagga na Mpare wakikutana ofisini hutupiana maneno ya fedha na ubahili, na hakuna aumiaye, kwa kuwa utani wao ni wa kale na kila mmoja ana jibu lake tayari. Lakini nimemsikia mtumishi mgeni akimwambia mzee wa Kidatoga mapokezini, mbele ya watu, ati leo umekuja na ng'ombe wa nani. Mzee yule si mtani wake. Hata kama angelikuwa na jibu, karatasi aliyoifuata ilikuwa mkononi mwa mtaniaji. Alitabasamu, akangoja. Tabasamu la namna hiyo tusilihesabu kuwa furaha.

Wengine watasema, basi afadhali tupige mizaha marufuku tumalize. Hapana. Ofisi iliyokatazwa kucheka mbele hucheka nyuma, na huko nyuma ndiko majina mabaya huzaliwa. Dawa ni kumfanya mkubwa awe wa kwanza kutaniwa. Rais wetu wa pili, Alhaji Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza nchi tangu 1985 hata 1995 na kufariki mwaka 2024, watu walimpa jina la Mzee Rukhsa, kwa sababu katika siku zake mengi yaliyokuwa yamefungwa yalifunguliwa. Jina lile lilikuwa na sifa ndani yake, na kwa vinywa vya wengine lilikuwa na kejeli. Angeweza kulichukia. Yeye mwaka 2021 alipotoa kitabu cha maisha yake aliliweka jina hilo juu ya jalada. Na Mwalimu Nyerere, aliposema na wafanyakazi Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka 1995, aliwachekesha sana, na katika kicheko hicho hicho aliwaambia maneno makali juu ya rushwa na ukabila. Mkali na mcheshi waweza kukaa katika mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba jambo hili liandikwe katika shughuli za mkutano wetu ujao: ya kuwa mwanachama yeyote aliye na watu chini yake asimtanie mtu kwa maungo yake wala kwa kabila lisilo la mtani wake, na ya kuwa amtaniaye mtu awe tayari kujibiwa hapo hapo, bila jibu hilo kuonekana katika ripoti ya mwaka.

Nami nitaanza. Juma lililopita nimepata habari kwa tarishi ya kuwa vijana wa ofisi yangu huniita Nakala Tatu, kwa kuwa sitii sahihi barua yoyote mpaka nakala zake tatu ziwe mezani. Sikulipenda jina hilo usiku wa kwanza. Siku ya pili nililiona ni la haki. Wenye kulitumia walitumie mbele yangu, na barua zao wazilete, nakala tatu.

Ni mimi mwanachama wenu,
Karani wa zamani, Babati