Plagi Isiyochomekwa Isipewe Nafuu ya Kodi

Chatsworth, kusini mwa Durban, si ugenini kwa Waswahili: huko ndiko walikohamishiwa Wazanzibari wa Kings Rest katika miaka ya 1960 kwa sheria za ubaguzi. Jirani yake, Prospecton, Toyota inatengeneza Corolla Cross ya haibridi tangu mwaka 2021.

Tunalolizungumzia leo ni gari la kampuni lenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchajiwa kwa plagi. Nchi kadhaa za Ulaya ziliyapunguzia kodi magari hayo zikitaraji yatachajiwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ya makampuni yalitembea kwa umeme asilimia 11 hadi 15 tu ya mwendo wao. Ya watu binafsi, 45 hadi 49. Sababu haihitaji mtaalamu: petroli analipa mwajiri, umeme wa nyumbani analipa dereva. Nani atatoa fedha zake mfukoni kuipunguzia kampuni gharama?

Tangu tarehe 1 Machi 2026 Afrika Kusini inawaruhusu watengenezaji wa magari ya umeme na haidrojeni kukata asilimia 150 ya gharama za uwekezaji kabla ya kutozwa kodi. Hilo tunaliunga mkono, maana ni ajira. Lakini mfanyakazi aliyepewa gari huongezewa kwenye kipato chake cha kodi asilimia 3.5 ya thamani yake kila mwezi, awe anachaji au hachaji. Ikiwa Pretoria itataka kumpunguzia, iangalie umeme uliotumika, si karatasi ya muuzaji. Naye mwajiri amrudishie dereva fedha za umeme kama anavyomlipia petroli.