Kazi Toa Nje, Ujuzi Baki Nao

Siku hizi kampuni nyingi hapa Kenya, kubwa na ndogo, zinawapa watu wa nje kazi zao za kompyuta: tovuti, seva, programu ya mishahara. Sioni ubaya, mimi mwenyewe hula kwa kazi hizo. Lakini swali la kwanza la mteja huwa "bei gani?" Kwa maoni yangu, angejiuliza kwanza: "Nani kwetu anaijua kazi hii vizuri?"

Tazameni jimbo la Queensland, Australia. Desemba 2007 serikali yake iliipa IBM kandarasi iliyohusisha pia mfumo wa mishahara ya idara ya afya. Sehemu hiyo ya mishahara ilikadiriwa kuwa dola milioni 6 hivi za Australia. Mfumo ulitarajiwa kuanza 2008, ukaanza Machi 2010. Baadhi ya wauguzi na madaktari walipunjwa, wengine wakazidishiwa, wengine hawakupata hata senti. Gharama zote, pamoja na za kuurekebisha na kuuendesha, zilikadiriwa kufikia dola bilioni 1.2!

Tatizo halikuwa waandishi wa programu peke yao. Idara ile ilikuwa na marupurupu zaidi ya 200, na hakuna aliyeketi mapema akayaeleza yote vizuri. Tume iliyochunguza jambo hilo mwaka 2013 ililaumu pande zote mbili. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanakandarasi hajalala kwenye kitanda chako.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, mteue mtu wenu mmoja mwenye mamlaka ya kujibu maswali na ya kukataa kazi mbovu. Si lazima awe mhandisi. Oktoba 2024 makato ya NHIF yalipoondolewa, SHIF ya asilimia 2.75 ikaingia. Karani wa mishahara hujua mabadiliko kama hayo kabla yangu. Mpeni nafasi ya kukaa nami kila wiki.

Pili, pokeeni kazi vipande vipande, na mlipe kwa kipande kilichojaribiwa. Mfumo wa mishahara uendeshwe sambamba na ule wa zamani kwa miezi miwili, mlinganishe hesabu. Kule Queensland waliuwasha huku wakijua una kasoro.

Tatu, jina la tovuti, maneno ya siri na msimbo wa programu viwe mikononi mwenu. Nimeona biashara ikimbembeleza fundi iliyekosana naye kwa sababu jina lake la .co.ke liliandikishwa kwa jina la fundi.

Najua mtasema biashara ndogo haina mtu wa kuketi kwenye mikutano. Lakini kama hamna nusu siku kwa wiki ya kuelezea kazi yenu, hamjawa tayari kuitoa nje. Mteja anayeuliza maswali mengi hunichosha, lakini mfumo wake ndio hudumu.

Je, wewe waonaje?