Wacheni Kung'oa Thamostati ya Peugeot ya Guka

Wasee, kuna uongo unazunguka huku Ngong Road, kutoka Kibera hadi Kawangware: eti thamostati ni ya Wazungu na baridi yao, Afrika haina kazi. Gari la zamani likianza kuchemka, fundi anaing'oa kabla hata aangalie kitu kingine. Mimi napinga.

Thamostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, umefungwa ndiyo ipate moto haraka. Ikishika joto, karibu digrii 80 na kitu, unafunguka, maji yanaenda kwa rejeta. Ukiutoa, injini inashinda baridi, inakunywa petroli kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na shida yenyewe bado iko, imejificha tu. Unashuku imekwama? Itumbukize kwa sufuria ya maji, washa jiko. Isipofunguka hata maji yakichemka, imekufa. Nunua nyingine, urudishe.

Kampasi niliacha, lakini hii inayofuata ni fizikia ya sekondari. Nairobi iko juu sana, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji ya sufuria hapa huchemka karibu digrii 94, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho hubana presha ili maji yavumilie joto zaidi. Mpira wake ukiisha, utachemka kwa jam ya Adams hata kama kila kitu kingine ni kipya. Na ni kati ya vitu vya bei rahisi kabisa kwa huo mfumo!

Sasa 504. Hii gari ilishinda Safari Rally 1975, Ove Andersson akiwa kwa usukani, halafu mtu anakuambia haiwezi jam ya Junction? 504 nyingi zina feni ya sumaku ya umeme. Injini ikipata moto, sumaku inashika, feni inazunguka. Umeme unapitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua. Kikiisha, feni inalala. Barabara ikiwa wazi hutajua, upepo unakusaidia. Kwa jam ndiyo utajua. Angalia hapo kwanza.

Na sichukii mafundi wa jua kali, manze, hao ndio wameweka hizi gari hai. Rejeta ya zamani ni ya shaba. Fundi mzuri wa mtaa anaifungua, anatoa kutu, anaziba kwa lehemu, maisha yanaendelea. Zile za siku hizi za alumini na plastiki zikipasuka, mara nyingi unanunua nyingine. Lakini ukirudi kujaza maji ya mtungi kila asubuhi badala ya kulanti, hiyo kutu utaikuta tena.

Ikikuchemkia kando ya barabara, usiguse kifuniko. Ile presha itakurushia maji moto usoni, na nimeona mkono wa msee mmoja baada ya hiyo, si poa. Zima, inua boneti, ngoja nusu saa. Makanga wa nyuma akikutusi, mwache atusi.