Picha za simu zikaguliwe mapema, mbele ya kesi kuanza

Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu yaliyotendwa mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini. Kati ya vithibitisho zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi saa na mahali zilipopigwa.

Hapo ndipo uzito ulipo. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hupoteza alama hizo, na wakili wa mshitakiwa atauliza: nani aliipiga, lini, wapi? Wachunguzi wakingoja hadi siku ya kusikilizwa, huenda simu imekwisha kupotea ao kufutwa. Picha ya asili ikikaguliwa tangu mwanzo, wahanga hawatabaki na maneno matupu mbele ya majaji.