Sikio Lina Betri Yake, Tuilinde

Kijana anasaga mahindi kwenye mashine hapa Tunduma. Anaanza asubuhi, anamaliza jioni. Akirudi nyumbani mkewe anamwita, "Baba watoto, chakula tayari!" Yeye haitiki. Masikio yake yanalia tu. Mmoja anamwambia atie mafuta ya moto sikioni. Mwingine anasema amerogwa.

Mimi nasema wote wawili wamekosea. Tatizo haliko kwenye tundu la sikio. Liko ndani zaidi, mahali ambapo mafuta hayafiki. Tukijua sikio linavyofanya kazi, tutajua pia namna ya kulilinda.

SIKIO HUTUMIA UMEME

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama konokono. Ndani yake mna maji. Maji hayo yana madini yanayoitwa potasiamu. Potasiamu hiyo ni nyingi kama mara 30 kuliko ile iliyo katika maji ya damu.

Potasiamu hubeba umeme. Kwa hiyo chumba hicho ni kama betri. Betri ya tochi ina volti 1.5. Betri ya sikio ni ndogo sana, haizidi sehemu moja ya 15 ya hiyo. Lakini inatosha. Mtaalamu Georg von Békésy alieleza habari za umeme huo mwaka 1952.

Humo mna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, vinyweleo vinapinda. Vikipinda, vijilango vinafunguka na potasiamu inaingia ndani ya chembe. Hapo habari inapelekwa kwenye ubongo kwa mishipa ya fahamu. Ndipo unasikia jina lako.

DAMU NDIYO HUCHAJI

Betri ya tochi ikiisha, tunanunua nyingine. Betri ya sikio huchajiwa na damu usiku na mchana. Ukuta wa chumba kile una mishipa midogo mingi ya damu. Ukuta huo huirudisha potasiamu ndani ya maji. Kazi hiyo inahitaji hewa na chakula kutoka kwenye damu.

Damu hiyo huja kwa mshipa mmoja mwembamba. Sisi wa Tunduma tunajua maana yake. Barabara moja ikiziba mpakani, malori yanasimama na biashara inasimama. Sikio ni vivyo hivyo. Damu ikikatika, umeme unashuka katika dakika chache.

Utauliza, "Basi nile ndizi nyingi?" Ndizi, maharage na mboga za majani vina potasiamu, navyo ni chakula kizuri. Lakini haviponyi sikio lililokwisha kuharibika. Wala usimeze vidonge vya potasiamu bila kuagizwa na daktari. Ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupunguze kelele. Mwenzako akiwa umbali wa mkono mmoja nawe unalazimika kupiga kelele ili akusikie, mahali hapo ni pa hatari. Mwenye mashine ampe kijana vizibo vya masikio. Asione kuwa anamfanyia hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi.

Pili, tusijinunulie dawa ovyo. Kwinini, streptomaisini na jentamaisini huokoa maisha, lakini zinaweza kudhuru sikio. Masikio yakianza kulia wakati unatibiwa, mwambie daktari mara moja. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tatu, tutunze mishipa ya damu. Tupime shinikizo la damu na kisukari. Tuache tumbaku.

Nne, ukiamka asubuhi sikio moja halisikii, usingoje lifunguke lenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna matibabu yanayoweza kusaidia, lakini ukichelewa nafasi hiyo hupotea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini vinyweleo vya sikio vikifa havioti tena, na ukuta huo haujengeki. Tuzibe ufa leo, kijana wetu angali anasikia mkewe akimwita.