Kikanda na Ua Lake

Ni nani katika Lubumbashi asiyekijua kikanda? Unga wa viazi vyake hupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na soda kidogo, hukorogwa mpaka ugande, kisha hukatwa vipande kama mkate. Lakini wengi waliokila tangu utoto hawajaliona ua lake hata mara moja.

Viazi hivyo si jamaa ya muhogo wala ya kiazi kitamu. Ni vya mimea ya okidi, ambayo wataalamu huiita Disa, Satyrium na Habenaria. Huota katika miombo na katika mabonde ya nyasi yenye majimaji, nayo huchanua wakati wa mvua.

Uchimbue mmea mmoja polepole, utakuta viazi viwili. Kimoja ni laini, kimekunjamana: ndicho kilicholilisha shina la mwaka huu, nacho chafa. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili. Akisha kukitwaa, mmea huo hauna kesho.

Je, mbegu zake hazitoshi kuurudisha? Tazameni kwanza zinavyopatikana. Chavua ya okidi haipeperushwi na upepo kama ya mahindi, bali imeshikamana katika vifurushi vyenye gundi. Habenaria nyingi zina maua meupe yanayonukia usiku, na utamu wao umefichwa ndani ya mrija mwembamba nyuma ya ua. Nondo huja gizani na kuingiza ulimi wake mrefu. Kifurushi humnata kwenye jicho au ulimi, naye hukichukua hadi ua jingine. (Satyrium ina mirija miwili, kama pembe za mbuzi!) Nondo asipokuja, maua mengi hunyauka bure.

Akija, tunda moja hutoa mbegu maelfu, nyembamba kama vumbi. Punje ya haragwe hubeba chakula chake. Mbegu hii haina kitu. Haioti mpaka ikutane udongoni na kuvu fulani, ndugu wa uyoga, inayoilisha. Kwa hiyo haipandwi kama mahindi, na kutoka mbegu hadi ua hupita miaka.

Huko Zambia, ambako huitwa chikanda, viazi vya karibu vilipopungua wafanyabiashara walivifuata mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Kitulo, maarufu kwa maua hayo, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpakani kwahitaji kibali.

Hatuwalaumu akina mama wauzao. Fedha hiyo hulipa karo za watoto. Ila anayechimba mwezi wa pili, ua likiwa bado bichi, huchukua kiazi na mbegu pamoja. Afadhali angengoja tunda likauke na kupasuka. Shina kavu bado huonekana kwa muda katika nyasi. Angelitikisa pale pale, kisha achimbe baadhi, na mengine ayaache yalivyo.